Kifaru wa Mlima Kei

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko hutambua upesi kwamba West Nile ni nchi ya milima isimamayo peke yake. Upande wa Terego uko Wati, ambako Walugbara husimulia kuwa alifia mhenga wao Dribidu. Karibu na Koboko uko Liru, alikofia Jaki. Kaskazini-mashariki ya Koboko, kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, uko Mlima Kei, hifadhi ya msitu tangu enzi za ukoloni. Zamani ulihesabiwa chini ya Arua. Tangu mwaka 2000 uko katika wilaya ya Yumbe.

Apandaye Kei asitazamie msitu wa giza. Ni miti iliyoachana, mawe, na nyasi ndefu. Na nyasi hizo ndizo zilizomfanya kifaru mweupe aishi hapa. Weupe huo, tuseme kwa kupita, ni wa jina tu, kwani rangi yake ni ya kijivu kama ya mwenzake mweusi. Tofauti yao iko mdomoni: huyu ana mdomo mpana wa kula majani ya chini, yule ana mdomo uliochongoka wa kukwanyua vichaka.

Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, aliyoishika Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kufa kwake Desemba 1909. Mwezi uliofuata, Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi ukingoni mwa Nile pamoja na mwanawe Kermit. Waliwaua vifaru weupe tisa, kwa ajili ya makumbusho, ingawa walijua kwamba mnyama huyo ni haba. Sisi hatuoni elimu gani iliyohitaji tisa. Mahali pale pangali paitwa Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru. Siku hizi jina hilo hutajwa zaidi kwa makazi ya wakimbizi.

Mwaka 1914 nchi ikatiwa Uganda. Baadaye Mlima Kei ukatengwa uwe himaya ya vifaru, na mwaka 1961, kisha 1964, baadhi ya vifaru wa West Nile walikamatwa wakavushwa hadi Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison. Haikufaa kitu. Vita na bunduki za majangili ziliwamaliza huku na kule, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikuwa tena na kifaru wa porini.

Hapo sarufi nayo ikaguswa. Kifaru aliye mnyama hufuata upatanisho wa viumbe: kifaru amepita. Kifaru cha vita hufuata umbo lake: kifaru kimepita. Tangu vita vya 1979, vilivyofika hadi Arua na mpakani, wanafunzi wetu wa huku hutamka sentensi ya pili bila kusita. Ya kwanza huwabidi kuikariri, kwa kuwa yule anayetajwa hawakumwona, wala wazazi wa wengi wao.

Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Kenya, mwezi Machi 2018. Wamesalia majike wawili huko huko, Najin na bintiye Fatu, wote wawili wazaliwa wa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchini Cheki.