Greysia Polii: dhahabu haikufuta London

Wasee, kuna usiku mmoja wa badminton ambao ukiutazama hata leo utaona aibu kwa niaba ya watu usiowajua. Tarehe 31 Julai 2012, ukumbi wa Wembley Arena, Olimpiki ya London. Wanawake wanne, wazuri kuliko karibu kila mtu duniani kwa mchezo huo, wanaharibu makusudi. Wanaanzisha, kinyoya kinagonga wavu. Wakipiga tena, kinatoka nje. Watu wamelipa tiketi, wanazomea. Refa anaingia, anatoa kadi nyeusi, yaani nendeni nyumbani, halafu anaifuta na mechi inaendelea.

Upande mmoja ni Wakorea, Ha Jung-eun na Kim Min-jung. Upande wa pili ni Waindonesia, Meiliana Jauhari na Greysia Polii. Shikilia hayo majina mawili ya mwisho.

Sasa utauliza, nani huenda Olimpiki akashindwe? Ni hesabu tu, zile zile tunazofanyaga na kalkuleta kwenye makundi ya Kombe la Dunia. Mwaka huo waliweka makundi kabla ya mtoano. Jozi moja ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilipigwa na Wadenmark ikamaliza ya pili kwenye kundi lake. Jozi nyingine ya China, Wang Xiaoli na Yu Yang, mabingwa wa dunia, wakaona wakiongoza kundi lao watagongana na wenzao kabla ya fainali. Wakajiangusha mbele ya jozi nyingine ya Korea, Jung Kyung-eun na Kim Ha-na, ambao nao hawakuwa na haraka ya kushinda. Hiyo ilikuwa mapema jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo kina Greysia walipoingia uwanjani, habari ilikuwa hivi: nyinyi na hawa Wakorea mmeshafuzu, na atakayeshinda anapewa mabingwa wa dunia robo fainali. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Wakorea ndio walishinda, kama hapo kuna neno kushinda. Kesho yake Shirikisho la Badminton Duniani likafukuza jozi zote nne kwa kutojitahidi kushinda. Indonesia ikakata rufaa, kisha ikaiondoa. Kuna Wakanada wawili, Alex Bruce na Michele Li, walikuwa wamepigwa mechi zote tatu za kundi. Wakaitwa wajaze pengo, wakashinda robo fainali, wakamaliza wa nne Olimpiki. Hiyo sehemu hunichekesha kila mara.

Mimi nasema walikosa, wote wanane. Lakini baadaye shirikisho lenyewe likabadilisha mpangilio, wanaomaliza wa pili wakawa wanapangwa kwa kura ili mtu asiweze kuchagua mpinzani. Yaani mwenye nyumba alijua mlango ulikuwa wazi. Aliurekebisha kimya kimya, na picha za wezi tayari zimezunguka dunia nzima.

Greysia alikuwa na miaka 24. Hiyo ndiyo ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza, na ndivyo dunia ilivyolijua jina lake.

Hapa ndipo story yake huanza kunishika mimi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekwama na kichwa pia kilikuwa kimechoka, sitadanganya. Nyumbani nikageuka kuwa sentensi moja. Shangazi akinitambulisha kwa wageni ni "huyu ndiye yule aliyeacha shule." Basi. Si ati wananichukia. Ni vile mtu akishapata sentensi moja ya kukueleza, hatafuti ya pili.

Greysia alirudi mazoezini. Akapangwa na Nitya Krishinda Maheswari, na mwaka 2014 wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Incheon. 2015 wakapata shaba ya ubingwa wa dunia, tena nyumbani kwao Jakarta. Rio 2016 wakafika robo fainali, wakatolewa na Wachina. Na mmoja wa hao Wachina alikuwa Yu Yang! Yule yule wa London, ambaye baada ya kufukuzwa alitangaza mtandaoni kwamba ameaga mchezo. Manze, maisha.

Kisha Nitya akaumia. Greysia anakaribia miaka 30, hana mwenzake, na alikuwa anafikiria kustaafu. Kocha wake, Eng Hian, akamwomba abaki kidogo awalee wasichana wadogo. Mmoja wao alikuwa Apriyani Rahayu kutoka Konawe, Sulawesi, mdogo wake kwa karibu miaka 11. Usiku ule wa Wembley Apriyani alikuwa na miaka 14. Walianza pamoja 2017, na mwaka huo huo wakashinda mashindano ya Thailand na ya Ufaransa. Ule mpango wa kulea mtoto ukageuka.

Desemba 2020 Greysia alimzika kaka yake, Rickettsia. Baba yao alifariki Greysia akiwa mdogo sana, na kaka ndiye aliyeshika ile nafasi. Mwezi uliofuata, Januari 2021, Greysia na Apriyani wakaenda Thailand wakashinda tena. Mtu anafanyaje hivyo, mimi sijui.

Tokyo waliingia bila kupewa nafasi. Wakawapiga Wajapani walioorodheshwa wa kwanza, Fukushima na Hirota, kwenye kundi. Wakapita seti tatu ngumu dhidi ya Wachina Du Yue na Li Yinhui robo fainali. Fainali ikawa tarehe 2 Agosti 2021, dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan. Kuna pointi moja itafute uione: kinyoya kiko hewani, raketi ya Greysia imeharibika, anakimbia kando kuchukua nyingine, Apriyani anashikilia uwanja mzima peke yake, Greysia anarudi, na pointi wanaipata. Ikaisha 21-19, 21-15. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia kwa wanawake wawili wawili. Ilibaki siku chache tu afikishe miaka 34. Serikali ikampa kila mmoja rupia bilioni 5.5, na Apriyani akaahidiwa nyumba na ng'ombe watano kwao. Ng'ombe watano, hiyo hata shagz ungeelewa.

Juni 2022 aliaga ukumbini Istora, Jakarta, watu wamejaa.

Sasa video nyingi huishia hapo, muziki unapanda, ati aliyeanguka ameinuka. Lakini London walikuwa wawili upande ule wa wavu. Meiliana Jauhari alikuwa mkubwa wa Greysia kwa miaka mitatu, kosa lao lilikuwa moja, adhabu moja, siku moja. Hakupata Rio. Hakupata Tokyo. Hakuna kocha aliyemwambia baki kidogo kuna msichana wa Sulawesi anakuja. Nilipotafuta jina lake juzi usiku, kila nilichofungua kilinirudisha Wembley, kwa ile kadi nyeusi.

Klipu ya Greysia nimeihifadhi kwa simu. Ya Meiliana bado natafuta, yoyote ile ambayo si ya usiku huo.