Utengamao wa Majeraha ya Michezo

Utengamao wa majeraha ya michezo ni mfululizo wa tiba na mazoezi unaomrudishia mwanamichezo aliyeumia uwezo wa kutumia kiungo chake, pamoja na ujasiri wa kukitegemea tena uwanjani.

Kwa muda mrefu dawa kuu ya jeraha ilikuwa kupumzika. Mtazamo huo ulitikiswa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliwapa askari walioumia magoti mazoezi ya kunyanyua vyuma vilivyoongezwa uzito hatua kwa hatua, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1945. Mwaka 1978 Gabe Mirkin alieneza kanuni ya kupumzisha kiungo, kukiwekea barafu, kukifunga bendeji na kukiinua. Lakini mwaka 2014 alikiri mwenyewe kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ni sehemu ya mwili kujitibu. Mwaka 1990 Donald Shelbourne na Paul Nitz walieleza faida za kuwaruhusu waliopasuliwa kano mtambuka ya mbele, yaani ukano unaozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja, kunyoosha goti na kukanyaga mapema.

Upande wa nafsi ulichelewa kutazamwa. Watafiti waliazima kwanza hatua za majonzi alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kwa wagonjwa waliokaribia kufa, ila ilibainika kuwa wanamichezo hawazipiti kwa mpangilio mmoja. Mwaka 1998 Diane Wiese-Bjornstal na wenzake walitoa kielelezo kinachoonyesha kwamba namna mwanamichezo anavyolitafsiri jeraha lake ndiyo inayoongoza hisia zake na bidii yake katika mazoezi, huku tabia yake na watu wanaomzunguka wakichangia. Kikwazo kinachotajwa sana ni kinesiofobia, yaani hofu ya kujongea kwa kuchelea kuumia tena. Na tangu mwaka 2008 wataalamu wa fiziotherapia wana dodoso la maswali 12, lililotungwa Australia, la kupima utayari wa kisaikolojia wa aliyepasuliwa kano hiyo.

Uchambuzi wa tafiti 69 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa baada ya upasuaji huo asilimia 81 walirudi katika mchezo wa aina fulani, lakini ni asilimia 55 tu waliorejea kwenye mashindano.