Anayebeba Faili: Meneja wa Timu ya Watoto, Durban 2010

Mwulize Mtanzania yeyote kama nchi yake imewahi kucheza fainali ya Kombe la Dunia, atakucheka. Taifa Stars haijawahi hata kufuzu. Lakini Tanzania imecheza fainali, na mara ya kwanza ilikuwa Durban. Machi 2010, miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia la FIFA kuanza Afrika Kusini, timu nane za watoto waliokuwa wameishi mitaani zilikutana katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Zilitoka Afrika Kusini, Brazil, India, Nikaragua, Tanzania, Ufilipino, Uingereza na Ukraine. Hilo ndilo lililokuwa Kombe la Dunia la Watoto wa Mtaani la kwanza. Watanzania walifika fainali, wakafungwa na Wahindi, watoto waliolelewa na shirika la Karunalaya la mjini Chennai.

Matokeo hayo yanapatikana kwa urahisi. Sisi tumetaka kuandika juu ya mtu ambaye hayumo ndani yake, yaani meneja wa timu. Hatusemi kocha, kocha ana filimbi na watu humwona. Meneja wa timu ya watoto ni yule anayejitolea bila mshahara, na baadhi yetu katika chama hiki tunaifanya kazi hiyo Jumamosi kwa watoto wa jumuiya zetu. Tulidhani tunaijua: jezi, maji, machungwa yaliyokatwa vipande, orodha ya majina, na kumpigia simu mzazi aliyechelewa kumfuata mwanawe. Tulipoanza kusoma habari za Durban tukaona kwamba sehemu nzito ya kazi hiyo ni karatasi, na kwamba katika mji ule karatasi zina historia ndefu.

Tuanzie ufukweni, South Beach, pale ambapo hoteli na magorofa yanaitazama Bahari ya Hindi, na ukishuka kusini kidogo unaingia eneo la Point, karibu na mlango wa bandari. Hadi mwaka 1989 fukwe za Durban zilikuwa na mabango yaliyotaja kifungu cha 37 cha sheria ndogo za mji: hapa ni mahali pa kuogelea pa watu weupe peke yao. Bango liliandikwa kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Novemba mwaka huo Rais F.W. de Klerk akatangaza kwamba fukwe zote ziko wazi kwa kila mtu. Sheria za pasi, zilizomlazimisha Mwafrika kutembea na kitabu chake mfukoni au akamatwe, zilikuwa zimefutwa miaka mitatu kabla, 1986. Na Durban haikungoja makaburu kubuni mambo haya: tangu miaka ya 1870 vibarua wa kutwa wa mji huo waliandikishwa na kuvalishwa beji zenye namba.

Wasomaji wa gazeti hili watapenda kujua kwamba sisi pia tumo katika daftari hizo. Mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilianza kuwashusha Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitishwa Unguja wakaitwa Wazanzibari, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zao. Waligawiwa kwa waajiri kwa mikataba. Baadaye walikaa King's Rest, upande wa Bluff, ng'ambo ya bandari. Serikali ya ubaguzi ilipotaka kila mtu awe na rangi yake kwenye karatasi, watu hawa waliwatatiza makarani, mwishowe wakaandikwa kuwa Waasia wa aina nyingine, kisha katika miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Wamakua kuwa Waasia! Ukicheka, kumbuka kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyoamua wangekaa wapi.

Kwa hiyo watoto walipoanza kulala kwenye vibaraza vya Point na ufukweni, wakiomba watalii na kulinda magari, mji ulikuwa umeshazoea swali moja: huyu ni nani, na nani amemruhusu kuwa hapa? Shirika la Umthombo, jina ambalo kwa Kizulu ni chemchemi, lilifanya kazi na watoto hao pwani hapo hapo, likiwafundisha hata kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Lilikuwa likilalamika hadharani kwamba kila mkutano mkubwa ulipokaribia, polisi wa jiji waliwakusanya watoto na kuwaondoa machoni pa wageni. Kombe la FIFA lilikuwa mgeni mkubwa kuliko wote. Kuwaleta watoto wa mtaani kutoka nchi nane, kuwapa jezi za taifa na kuwachezesha mbele ya kamera katika mji huo, miezi mitatu kabla, lilikuwa jibu la makusudi. Wapo wanaosema lilikuwa tamasha la wafadhili. Hatukubaliani nao, na sababu yetu ni ile faili.

Fikiria meneja aliye Tanzania. Ana kijana wa miaka 14 anayepiga chenga kama mchawi. Ili apande ndege anahitaji pasipoti. Ili apate pasipoti anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya mzazi au mlezi. Ili apate cheti, kwa kuwa siku 90 za kusajili kizazi zimepita zamani, anahitaji ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, barua ya serikali ya mtaa. Mtoto aliyekimbia nyumbani hana hata kimoja. Mama hajulikani aliko, au anajulikana na hataki kuonekana. Mwenyekiti wa mtaa anauliza mtaa upi, maana mtoto amelala katika mitaa sita. Na hali hiyo haikuwa ya watoto wa mtaani peke yao: sensa ya 2012 ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa Tanzania Bara walio chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo meneja anakuwa mtu wa kupanda basi kwenda kumtafuta bibi kijijini, kukaa benchi la ofisi ya wilaya, kurudi kesho kwa sababu mhuri haupo. Mazoezi ni saa mbili kwa siku. Faili ni miezi. Na kazi hiyo haipotei timu ikifungwa. Cheti kilichotafutwa kwa ajili ya safari ndicho kile kile kitakachodaiwa kijana akiomba shule, bima, na baadaye kitambulisho cha taifa.

Durban hawakucheza tu. Watoto walikaa pia katika mikutano na kutoa tamko, Tamko la Durban, wakidai kusikilizwa, kuwa na makazi, kulindwa dhidi ya ukatili, na kupata elimu na matibabu. Mwaka 2014 mashindano yalikwenda Rio de Janeiro, na kampeni yake ikadai wazi kwamba kila mtoto atambuliwe kisheria. Huko wavulana wa Tanzania, timu ya Mwanza, walichukua kombe kwa kuwafunga Burundi 3–1. Fainali ya dunia ambayo makocha wa pande zote mbili wangeweza kugombana kwa Kiswahili. Tungelipa nauli kuisikia.

Warundi, Wakongo na Watanzania wapo South Beach leo. Ukisimama jioni kwenye barabara ya Mahatma Gandhi, iliyokuwa Point Road, utakisikia Kiswahili kwa walinzi wa magari na kwenye vinyozi. Watoto wao waliozaliwa Durban hupewa cheti cha kuzaliwa kilichojazwa kwa mkono, kisicho na namba ya utambulisho ambayo mtoto wa Afrika Kusini hupata. Ligi za watoto hupangwa kwa umri, na umri huthibitishwa kwa karatasi. Anayejitolea kuisimamia timu ya watoto hao itambidi aanze msimu wake Idara ya Mambo ya Ndani, kwenye foleni, alfajiri, kabla mpira haujatiwa upepo.