Uoni Karibu: Kurekebisha Si Kudhibiti

Neno miopia lilianzia kwa Wagiriki, walioliunda kwa kuunganisha kufunga na jicho. Walimtazama mtu anayebana macho ili aone kilicho mbali, wakayapa maradhi jina la tendo hilo. Mwalimu wa Eldoret, Kenya, huenda hajawahi kulisikia jina hilo, lakini tendo lenyewe analijua: mwanafunzi wa dawati la nyuma anabana kope mpaka macho yanabaki nyufa, kisha anachungulia daftari la jirani ili anakili kilichoandikwa ubaoni.

Kwa Kiswahili wapo wanaosema kutoona mbali. Maneno hayo tayari yana kazi nyingine, kwani asiyeona mbali ni mtu asiyefikiria kesho, na hakuna mzazi anayependa mwanawe aitwe hivyo. Uoni karibu ni jina bora kwa sababu linataja kile ambacho jicho linakiweza. Dosari yake ni kwamba anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani mtoto ana shida ya kuona vya karibu. Kwa hiyo daktari anayelitumia hana budi kuongeza sentensi moja: vya karibu anaviona vizuri, vya mbali ndivyo vyenye ukungu.

Chanzo kikubwa ni urefu wa jicho. Mtoto huzaliwa na jicho la milimita 17 hivi, na utu uzimani hufika 24 hivi. Jicho likirefuka kupita kiasi, mwanga unaotoka mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha. Milimita moja tu ya ziada huleta takriban dayopta 2.5, ile namba yenye alama ya kutoa ambayo mzazi huiona kwenye karatasi ya miwani. Jicho likisharefuka halirudi. Namba ikipita kutoa 6, retina huwa imevutika sana, na hatari ya kubanduka kwake, pamoja na ile ya glakoma, huongezeka.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapohitajika: udhibiti wa uoni karibu. Kuuita tiba ni kosa, maana hakuna dawa inayofupisha jicho. Kurekebisha nako ni kazi ya miwani ya kawaida, inayomwezesha mtoto kusoma ubao leo huku jicho likiendelea kurefuka. Wengine husema usimamizi, lakini usimamizi ni wa mradi au wa mali. Kudhibiti ndilo neno lenye nguvu inayotakiwa: jambo linaendelea, nasi tunalipunguza kasi.

Njia ya kwanza haihitaji duka la dawa. Katika utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, asilimia 30 hivi walikuwa wamepata uoni karibu, ilhali kwa wenzao ambao hawakuongezewa ilikuwa karibu 40. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule zake ziwape watoto dakika 120 nje kila siku. Watafiti wengi wanaamini kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe dopamini, kemikali inayozuia jicho kurefuka ovyo.

Njia nyingine ni matone ya atropini iliyopunguzwa nguvu hadi kati ya asilimia 0.01 na 0.05, yaliyojaribiwa Singapore na Hong Kong. Zipo pia lenzi maalumu za miwani na za kuvaa juu ya jicho. Yote haya ni ya kuamuliwa na daktari wa macho.

Eldoret, mji wa wanariadha ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, una jua la kutosha. Watoto wa Afrika bado wana uoni karibu kwa kiwango cha chini kuliko wa miji ya Asia Mashariki, ambako vijana 8 kati ya 10 humaliza shule wakiwa nao. Lakini mtoto anayepanda basi la shule kabla ya mapambazuko, akakaa darasani kutwa, kisha akarudi kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na uwanja, jua hilo halimfikii.

Hata hivyo, huwezi kudhibiti usichokijua. Katika kaunti jirani ya Trans Nzoia, Dkt. Hillary Rono na wenzake walitumia programu ya simu iitwayo Peek katika shule 25, huku shule nyingine 25 zikipima kwa njia ya kawaida. Walimu ndio waliopima macho, na wazazi wa shule za Peek wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba, miongoni mwa watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo la kuona, asilimia 54 ya wale wa Peek walifika hospitalini. Kwa njia ya kawaida walifika asilimia 22 tu.

Mzazi ambaye mwanawe ameshapewa miwani asidhani kazi imekwisha. Aihifadhi ile karatasi ya namba, amrudishe mtoto akapimwe tena baada ya miezi 6 au mwaka, na namba ikiwa imepanda amwulize daktari: tutaidhibiti vipi?