Kambi za vijana Kilimanjaro: Usalama ulianzia mlimani, ukachelewa kufika hemani

Magari ya wapanda mlima yanayokwenda lango la Londorosi hupita Sanya Juu, wilayani Siha. Huko juu, kwenye njia za Lemosho na Shira, kijana hulala hemani mbali na wazazi wake, mikononi mwa watu wazima asiowajua vizuri. Namna ya kumlinda ina historia ndefu, na sehemu yake imeandikwa katika mlima huuhuu.

Mwaka 1941, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Meli zilikuwa zikizamishwa, na Holt aliona mabaharia vijana wakifa upesi kuliko wakongwe. Shule ikawajenga ustahimilivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpango huo ulifika Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, na vijana wa Afrika Mashariki wakaanza kukwea kilele cha Kibo kwa mafunzo. Kibanda chao cha juu, School Hut, kipo kwenye takriban mita 4,700.

Hatari ya kwanza, mlima wenyewe, ilifundisha kwa ukali. Leo Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa 1973, hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Jioni mwongozaji makini humbana kijana kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, akamuuliza kama amekula na kama kichwa kinamuuma. Akianza kuyumba, hasubiriwi papambazuke. Huteremshwa usiku uleule.

Hatari ya pili ilichelewa kutajwa: mtu mzima mwenye nia mbaya. Mwaka 2002 mkutano wa dunia wa skauti, Thessaloniki, Ugiriki, ulipitisha azimio la kuwakinga skauti na madhara. Gharama ya ukimya ilidhihirika Marekani: chama cha Boy Scouts kilipoomba kinga ya ufilisi 2020, watu zaidi ya 80,000 walijitokeza kudai kuwa walidhulumiwa kingono utotoni. Kinga ya kwanza ni nyepesi: mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja. Na kijana naye ni mtoto: kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Mzazi wa Siha, kabla ya kusaini fomu ya kambi uliza: viongozi ni wangapi, nani analala wapi, nani atamteremsha mwanangu akiugua? Mfundishe mwanao namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayopigwa bure. Kiongozi anayekasirishwa na maswali hayo asikabidhiwe mtoto.