Dentini ya Tatu: Mwitiko na Ukarabati

Enameli ikitoboka haioti tena. Seli zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza. Dentini, ile tishu ngumu ya manjano iliyo chini yake, haiko hivyo. Seli zake, odontoblasti, zimejipanga kandokando ya kiini cha jino, na kila moja imepenyeza mkia wake katika kijimrija cha dentini. Kwa sababu zingali hai, jino lililoumia huweza kuongeza dentini kwa ndani. Nyongeza hiyo huitwa dentini ya tatu.

"Tatu" hapa huhesabu nyakati. Dentini ya kwanza huwekwa jino linapoumbwa, kwa kasi ya takriban mikromita 4 kwa siku, hadi mzizi ukamilike. Ya pili huendelea polepole mno umri wote, ndiyo maana katika picha ya eksirei kiini cha jino la mzee huonekana chembamba kuliko cha kijana. Ya tatu huja kwa jeraha tu, na huwekwa mkabala na jeraha hilo. Mtazame mzee ambaye meno yake yamesagika hadi enameli ya juu kwisha. Katikati ya jino utaona doa la kahawia linalong'aa. Zamani kiini kilifika hapo; dentini imepajaza kabla msago haujakifikia, naye anatafuna bila maumivu.

Dentini hii ya tatu ina aina mbili. Jeraha likiwa dogo, asidi ya bakteria huyeyusha madini ya dentini na kuachilia protini zilizofungiwa humo tangu ilipojengwa, zikiwemo za jamii ya TGF-beta. Protini hizo hupita vijimrijani hadi kwa odontoblasti, nazo huanza tena kujenga kwa bidii. Hiyo ni dentini ya mwitiko. Jeraha likiwa kubwa, odontoblasti hufa. Seli shina za kiini husogea hapo, hugeuka kuwa seli mfano wa odontoblasti, na kujenga dentini ya ukarabati. Chini ya darubini, vijimrija vya dentini ya mwitiko huendeleza vile vya zamani. Vya ukarabati hupindapinda, au havipo kabisa.

Majina haya yasichanganywe. Anayeitika ni yule aliyekuwapo akaitwa. Anayekarabati nyumba si lazima awe fundi aliyeijenga.

Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza mkono wa daktari. Jino likioza kwa kina huku kiini kingali kizima, siku hizi madaktari wengi huacha safu nyembamba ya dentini iliyolainika juu ya kiini, kisha huziba barabara, ili odontoblasti zisalimike. Kiini kikifunuka, hutegemea ukarabati: huweka kalsiamu hidroksidi, au MTA, saruji iliyobuniwa na Mahmoud Torabinejad katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Chini ya dawa hiyo hujengeka daraja la dentini.

Lakini mwitiko wala ukarabati hauzibi tundu. Dentini mpya huongezeka upande wa kiini, na uozo usipotibiwa huendelea kuifuata. Kwa hiyo jino lizibwe mapema, wakati seli za kuitika zingali hai.