Somo la Kijerumani katika Shule za Serikali, 1892–1916

Wengi hudhani kwamba Wajerumani, walipoitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, waliwalazimisha watoto wa shule kusoma masomo yote kwa Kijerumani, kama Wafaransa na Wareno walivyofanya kwa lugha zao katika makoloni yao. Haikuwa hivyo. Katika shule za serikali Kijerumani kilikuwa somo tu, tena somo la wachache waliofika madarasa ya juu. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Jambo hili lataka maelezo, kwa maana mtawala aghalabu hupenda lugha yake isikike kila mahali, na huyu hakupenda.

Shule ya kwanza ya serikali ilianzishwa Tanga katika mwaka wa 1892, siku za Gavana Julius von Soden. Gavana huyu aliwakuta watu wa pwani ni Waislamu, wenye vyuo vyao vya Kurani na barua zao za herufi za Kiarabu, ambao hawakuwa tayari kuwatia wana wao mikononi mwa wamisionari. Kwa hiyo alitaka shule isiyokuwa ya kanisa. Haja yake ilikuwa dhahiri: Wajerumani nchini walikuwa wachache mno, na serikali haikuweza kwenda bila makarani, wakalimani, walimu na watoza kodi. Kumleta karani kutoka Ulaya, kumlipa na kumtibu homa, kulikuwa ghali.

Mpango wa masomo ulifuata haja hiyo. Shule ndogo za mashambani zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi. Mwanafunzi aliyeonekana kuwa na akili alipelekwa shule kuu ya mjini, kama ile ya Tanga au ya Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza Kijerumani. Shule hizo hazikuwa za sekondari kwa maana ijulikanayo leo. Lakini kwa kijana Mwafrika aliyetafuta elimu ya serikali, juu yake hapakuwa na ngazi nyingine. Shule ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na kutoka mtambo huo lilitoka gazeti la Kiongozi tangu mwaka wa 1904. Gazeti la shule ya Wajerumani, limeandikwa kwa Kiswahili!

Kwa nini basi Kijerumani kilipimwa kwa kibaba? Walowezi hawakukitaka kienee. Mtumishi asiyeelewa maneno ya bwana wake mezani ni mtumishi asiyeweza kuyapeleka nje, na karani ajuaye Kijerumani angeweza kusoma magazeti ya Ulaya na kupima mwenyewe yaliyosemwa huko juu ya nchi yake. Wamisionari wengine walikuwa na hofu ya namna nyingine: walikiona Kiswahili kuwa ni gari la Uislamu. Na baada ya Vita vya Maji Maji, vya mwaka wa 1905 hata 1907, walikuwapo waliouliza kama ni busara kuwapa makabila mengi lugha moja ya kupatania. Juu ya hayo yote serikali iliendelea na Kiswahili, kwa kuwa kazi zake zilikwisha kuzoea kupita humo. Msomaji asiite hiyo heshima kwa Kiswahili. Ilikuwa ni urahisi wa kazi, na pamoja nao ukuta kati ya mtawala na mtawaliwa.

Ukuta huo ulikuwa na mlango upande mmoja. Mjini Berlin ilifunguliwa shule ya lugha za Mashariki mwaka wa 1887, na humo maofisa walifundishwa Kiswahili kabla ya kusafiri. Mmoja wa waalimu wao, tangu mwaka wa 1900, alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Hata hivyo wako walioupita ukuta. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka wa 1894, alijifunza Kijerumani na kazi ya ukarani. Utawala ulipogeuka akashika Kiingereza, na mwaka wa 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam. Mwingine, Bayume Mohamed Husen, hakupata bahati hiyo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904, mwana wa askari, akajifunza Kijerumani angali mtoto, na utotoni akawamo katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita. Mwaka wa 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Aliyadai kwa Kijerumani, akakataliwa kwa Kijerumani. Alikaa huko akisaidia kufundisha Kiswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani. Serikali ya Hitler ikamkamata mwaka wa 1941, na akafa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Waingereza walipoiteka Tanga na Dar es Salaam katika mwaka wa 1916, somo la Kijerumani lilikoma. Utawala mpya uliwakuta makarani waandikao Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ukawatumia. Ya Kijerumani yaliyosalia vinywani mwa watu ni machache: hela, na neno shule lenyewe. Unguja, ambako Mjerumani hakutawala, wao husema skuli.

Yaliyosalia katika karatasi ni mengi zaidi. Majalada ya utawala huo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka wa 1997 UNESCO iliyatia katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Humo mna hesabu za kodi, kesi, mashamba, na habari za Maji Maji kama zilivyoandikwa na waliopigana nayo. Mwanafunzi wa historia asiyejua Kijerumani hana budi kungoja wengine wamsomee. Naye akijuaye hukuta kazi ya pili, kwa sababu nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi pasipo kufundishwa.